George Wald: Mwanasayansi aliyefichua siri ya macho kuona

MTU akitoka kwenye jua la mchana na kuingia katika chumba chenye giza, huwa haoni kitu. Akisubiri dakika chache, vitu huanza kumdhihirikia kimoja baada ya kingine. Kwa karne nyingi hakuna aliyeweza kueleza ni nini hasa hutendeka ndani ya jicho katika muda huo. Jibu lilipatikana katika karne ya 20, na sehemu kubwa ya jibu hilo ni kazi ya Mmarekani George Wald.

Wald alizaliwa jijini New York mnamo Novemba 18, 1906. Wazazi wake walikuwa wahamiaji Wayahudi na babake alikuwa fundi wa kushona nguo. Alihitimu shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha New York mwaka wa 1927, kisha akasomea uzamifu katika Chuo Kikuu cha Columbia chini ya Selig Hecht. Hecht alikuwa bingwa wa kupima jinsi jicho linavyoitikia mwanga. Mwanafunzi wake, hata hivyo, alitoka kwake mwaka wa 1932 akiwa na kiu ya kuzijua molekuli zenyewe zinazoupokea mwanga huo.

Mwaka uo huo alisafiri hadi Berlin, Ujerumani, kufanya utafiti katika maabara ya Otto Warburg. Huko ndiko alikogundua kwamba retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho, ina vitamini A. Ugunduzi huo ulikuwa na uzito mkubwa. Madaktari walikwisha kufahamu kuwa mtu anayekosa vitamini hiyo hushindwa kuona giza linapoingia, ila sababu haikujulikana. Wald alielekea Zurich, Uswisi, kwa mwanakemia Paul Karrer, aliyekuwa ametambua muundo wa vitamini A, na huko matokeo yake yakathibitishwa.

Siasa ziliingilia kati. Adolf Hitler alitwaa mamlaka Januari 1933, na Ujerumani haikuwa tena mahali salama kwa Myahudi. Wafadhili wake wakamtaka arejee Marekani. Kabla ya kuondoka, alikuwa Heidelberg katika maabara ya Otto Meyerhof. Wenzake walikuwa wameenda likizo wakati shehena ya vyura ilipowasili. Wald aliwatumia vyura hao kwa uchunguzi wake, akapata katika retina zao molekuli ya manjano inayojitokeza rangi ya jicho inapochujuka kwa mwanga. Molekuli hiyo, ambayo leo huitwa retinali, hutokana na vitamini A.

Mnamo 1934 alijiunga na Chuo Kikuu cha Harvard, alikodumu hadi alipostaafu. Akiwa na Ruth Hubbard na Paul Brown, alipitisha mwanga wa rangi mbalimbali katika vimiminiko vilivyotolewa kwenye retina na kupima kiasi kilichofyonzwa. Kila molekuli hufyonza mwanga kwa namna yake, hivyo kipimo hicho huitambulisha. Rodopsini, molekuli inayotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu, hufyonza zaidi mwanga wenye mawimbi ya urefu wa nanomita 500 hivi.

Rodopsini ni protini iliyoshika retinali iliyopinda. Mwanga ukiigusa, retinali hunyooka. Kazi ya mwanga huishia hapo. Protini hubadilika umbo na kuanzisha ishara inayofika kwenye ubongo. Baadaye retinali huachana na protini, na haina budi kupindwa upya ili rodopsini iundwe tena. Dakika zile za kusubiri gizani ndizo za kuijenga upya. Anayepungukiwa na vitamini A hukosa malighafi ya ujenzi huo.

Mwaka wa 1964, Wald na Brown walipima seli moja moja za jicho la binadamu zinazotambua rangi. Mnamo 1967 Wald alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Ragnar Granit na Haldan Keffer Hartline. Hubbard, aliyeolewa naye mwaka wa 1958 na ambaye mchango wake ulikuwa nguzo ya kazi hiyo, hakuwemo katika orodha ya washindi. Alisubiri hadi 1974 ndipo Harvard ikamfanya profesa wa kudumu.

Wald hakujifungia maabarani. Mnamo Machi 4, 1969 alitoa hotuba iliyovuma ya kupinga vita vya Vietnam na silaha za nyuklia, na akaendelea na harakati hizo uzeeni. Aliaga dunia Aprili 12, 1997, akiwa na umri wa miaka 90.

Hadi leo, mama anapompeleka mwanawe kliniki kupewa vitamini A, mtoto huyo hukingwa dhidi ya upofu. Aliyetufumbulia jinsi vitamini hiyo inavyotumika ndani ya jicho ni huyo mwana wa mshonaji.