Hasyim Asy'ari, mwalimu wa Tebuireng

Hasyim Asy'ari alizaliwa Jombang, kisiwani Java, mwaka 1871. Aliporudi kutoka masomo ya Makka, alifungua shule ya bweni ya Kiislamu huko Tebuireng mwaka 1899, jirani na kiwanda cha sukari cha Waholanzi. Mimi, mwanafunzi wa lugha za Kiafrika, navutwa na ufundishaji wa shule hizo: kitabu cha Kiarabu kilifafanuliwa kwa Kijava, maana ikaandikwa chini ya mistari kwa herufi za Kiarabu, kama Waswahili walivyoandika tenzi zao. Mtoto wa mkulima alipata elimu bila kuiacha lugha ya mama. Wanafunzi wake wengi walifungua shule kwao. Mwaka 1926 alishiriki kuanzisha Nahdlatul Ulama, alifariki 1947. Naona kijiji huendelea pale mwalimu anapofundisha kwa lugha ya wanakijiji.