Imamu Ghazali na Dalili ya Kuwapo kwa Muumba

Vijana wetu wa pwani waliokwenda bara kutafuta riziki, hata huko Nuu katika Kitui, huulizwa na wenzao: Je, akili yaweza kuthibitisha kuwa Mwenyezi Mungu yupo, na kwamba haiwezekani asiwepo? Swali hili si geni. Miongoni mwa waliolipima kwa uadilifu ni Imamu Abu Hamid Al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Tus, katika Khurasani, mwaka 450 A.H. (1058). Alisoma Nishapur kwa Imamu Al-Haramayn Al-Juwayni, na mwaka 484 (1091) Waziri Nizam al-Mulk alimweka mudarisi wa Nizamiyya ya Baghdad.

Zama hizo hoja ya Ibn Sina ilikwisha kuenea: kila kiwezacho kuwapo na kutokuwapo hakina budi na chenye kukipa kuwapo, na mwisho wake ni Yule ambaye kuwapo kwake ni wajibu. Mfano wake tuutwae katika ukame wa Kitui, ambako watu huchimba mchanga wa mito mikavu wapate maji. Mtungi ukijazwa kwa mtungi, na huo kwa mwengine, hata mitungi ikiwa haina hesabu, hapana tone litakalopatikana ila pawe na asili ya maji.

Katika Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 488 (1095), Ghazali hakumkanusha Muumba, hasha. Aliwakosoa wanafalsafa kwa kudai kuwa ulimwengu una Muumba na papo hapo hauna mwanzo. Mwenye kukubali mizunguko ya mbingu isiyo na mwanzo, atauzuiaje mlolongo wa sababu usio na mwisho? Yeye alishika njia iliyo wazi zaidi: kila kilichozuka kina aliyekizusha, ulimwengu umezuka, basi unaye aliyeuzusha kwa uwezo na hiari yake.

Hoja hiyo yatosha kumjibu mwenye kukanusha. Lakini kujua kuwa yuko Muumba si sawa na kumcha. Ghazali aliliona hilo nafsini mwake: mwaka ule ule wa 488, hali sifa zake zimejaa Baghdad, aliacha cheo, akaenda Sham, Baitul Maqdis na Makka, akiutibu moyo wake. Katika Ihya Ulum al-Din aliifanya elimu ya kalamu kuwa mlinzi wa itikadi, si itikadi yenyewe. Alifariki Tus mwaka 505 (1111).

Wakamba nao, katika majina yao ya Mungu, wanalo Mumbi, yaani Muumba. Wala hawakulipata kwa Ibn Sina. Hiyo ndiyo fitra. Basi ndugu zetu, tuwafundishe watoto dalili ili wasitikiswe na shaka, na tuwafundishe ibada ili dalili isibaki ulimini tu. Mwenyezi Mungu atuthibitishe. Amin.