Jatin Das: Siku 63 Bila Chakula

Ndugu zangu, kila ninapofuturu humkumbuka Jatin Das, kijana wa Kolkata, India. Hakuwa Mwislamu. Mwaka 1929 Waingereza walimfunga gerezani Lahore. Tarehe 13 Julai aligoma kula, akidai wafungwa wa siasa Wahindi wapewe chakula, mavazi na magazeti sawa na wafungwa wa Kizungu. Walimshika kwa nguvu wakamtia mpira puani ili kumlisha. Mapafu yake yakaumia vibaya. Alikufa tarehe 13 Septemba, siku ya 63, akiwa na miaka 24, umri wetu sisi wanafunzi. Dini yetu inatuamrisha kumlisha mfungwa. Lakini kumshindilia chakula huku haki yake umeizuia si kumlisha, ni dhulma.