Josiah Wedgwood, Mfinyanzi wa Staffordshire

Josiah Wedgwood alizaliwa mwaka 1730 huko Burslem, katika jimbo la Staffordshire, Uingereza. Alikuwa mtoto wa mwisho katika nyumba yenye watoto wengi, na ukoo wake ulikuwa wa wafinyanzi. Alipokuwa na umri wa miaka 9 baba yake alifariki, naye akaacha shule, akaanza kufanya kazi ya udongo. Kisha akashikwa na ndui. Alipona, lakini goti la kulia lilibaki bovu, asiweze kulisukuma vizuri gurudumu la mfinyanzi. Mwaka 1768 mguu ule ulikatwa, wala siku zile hapakuwa na dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi. Huenda maradhi yale yalimfaa, maana aliposhindwa na gurudumu aligeukia kujaribu udongo na rangi, akaandika kila jaribio katika daftari.

Mwaka 1759 alianzisha kazi yake mwenyewe. Akatengeneza vyombo vyepesi, laini, vyenye rangi ya malai. Mwaka 1765 Malkia Charlotte, mke wa Mfalme George wa Tatu, aliagiza vyombo vya chai, na tangu hapo udongo ule ukaitwa wa Malkia. Basi maagizo yakaja toka kila upande, na taabu ikaja pamoja nayo. Huyu alitaka maua, yule nembo ya ukoo wake, mwingine mstari wa kijani pembeni tu. Kama angevichora vyote mapema na kuviweka ghalani, vingi vingemdodea.

Dawa aliyoipata ni hii. Sahani ilifinyangwa na kuchomwa ikiwa tupu, ya umbo lile lile, kwa wingi sana. Picha ilitiwa baadaye. Vyombo vya kupigwa chapa vilipelekwa Liverpool kwa Sadler na Green. Vya kuchorwa kwa mkono vilipelekwa kwa wachoraji wake huko Chelsea, London, karibu na wateja matajiri. Sahani tupu haina mwenyewe: yaweza kuwa ya mtu yeyote mpaka mchoraji ashike burashi.

Udongo nao ulitoka mbali. Ulipakiwa melini kusini mwa Uingereza, ukashushwa Liverpool, ukamalizia safari juu ya migongo ya farasi katika barabara mbovu. Mwaka 1767 alimtuma mtu mmoja, Thomas Griffiths, mpaka nchi ya Wacherokee huko Amerika, naye akarudi na tani chache za udongo mweupe ulioghalimu fedha nyingi. Vyombo vilivyokwisha vilipita barabara zile zile, na vingi vilivunjika njiani. Kwa hiyo Wedgwood alishika mstari wa mbele kutaka mfereji uchimbwe kati ya mito ya Trent na Mersey. Mwaka 1766 yeye ndiye aliyechimba tonge la kwanza la udongo. Kazi ilikwisha mwaka 1777. Kiwanda chake kipya, Etruria, alichokifungua mwaka 1769 pamoja na rafiki yake Thomas Bentley, alikijenga kando ya njia ya mfereji huo.

Mwaka 1772 fedha iliadimika, na vyombo vya mapambo vikajaa ghalani. Wedgwood akaketi na vitabu vya hesabu, akapiga gharama ya kila chombo. Aligundua kwamba karani alikuwa akimwibia. Lakini aligundua na jambo kubwa zaidi, ambalo mimi naliona ndilo akili yake hasa: alikuwa akitengeneza namna nyingi mno, chache chache kila namna. Kodi ya nyumba na mishahara mingi ilikwenda mbele vile vile, vikitengenezwa vyombo 10 au 1,000. Tangu hapo alitaka kila umbo litengenezwe kwa wingi, ili aweze kushusha bei na kuwauzia watu wa kawaida.

Halafu, kana kwamba kumjaribu, Malkia Catherine wa Urusi mwaka 1773 akaagiza vyombo vya mezani vya watu 50, vyenye picha za mahali mbalimbali pa Uingereza, pasirudiwe picha, na kila kimoja kiwe na chura wa kijani, kwa kuwa kasri lake lilijengwa kwenye kinamasi cha vyura. Vilikuwa vyombo 952 na picha 1,222! Vikiwa vitupu, gharama yake ilikuwa kama pauni 51. Catherine alilipa kama pauni 2,700, lakini sehemu kubwa ilikwenda katika uchoraji, na faida ikawa ndogo. Wedgwood hakulalamika. Kabla ya kuvisafirisha, mwaka 1774, aliviweka wazi London, na wakubwa wakaja kuvitazama katika nyumba ile ile alimouzia vyombo vyake vingine.

Mwaka 1787 alitengeneza nishani ndogo yenye sura ya Mwafrika aliyefungwa minyororo, amepiga magoti, kuwasaidia waliopinga biashara ya utumwa. Sura ilikuwa moja tu. Watu wakaivaa wapendavyo, huyu katika bangili, yule katika nywele.

Alifariki tarehe 3 Januari 1795, miaka 12 kabla ya Bunge la Uingereza kuipiga marufuku biashara hiyo. Vyombo vingi vya chura vimehifadhiwa katika jumba la Hermitage, St Petersburg.