Robert FitzRoy: Nahodha aliyechekwa kwa kutabiri mvua

Ukitaka kujua kama kesho utoke na mwavuli, unafungua simu tu. Sekunde mbili, umepata jibu. Lakini mtu aliyeanza kuutangazia umma hali ya hewa ya kesho kupitia gazeti alikufa akichekwa, na mali yake imeisha.

Anaitwa Robert FitzRoy, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1805. Wengi wanamjua kwa jambo jingine kabisa: ndiye nahodha wa Beagle, meli iliyomzungusha Charles Darwin duniani kati ya 1831 na 1836. Baadaye akapewa ugavana wa New Zealand, akaondolewa mwaka 1845.

Mwaka 1854 serikali ikampa ofisi ndogo ya kukusanya takwimu za hali ya hewa baharini. Kukusanya tu. Kutabiri hakukuwemo kwenye kazi yake.

Kilichobadilisha mambo ni usiku wa kuamkia Oktoba 26, 1859. Meli ya Royal Charter, iliyotoka Melbourne kwenda Liverpool ikiwa na wachimba dhahabu wanaorudi kwao, ilipigwa na dhoruba na kuvunjika kwenye miamba ya kisiwa cha Anglesey, Wales. Zaidi ya watu 400 walikufa, tena karibu kabisa na ufukwe.

FitzRoy aliamini dhoruba ile ingeweza kuonekana kabla haijafika. Kivipi?

Hewa ina uzito. Inapopanda juu kwa wingi, mgandamizo wa hewa huku chini unapungua, na hewa ya jirani inakimbilia kujaza pengo. Huo ndio upepo. Hewa hiyo ikiwa imebeba mvuke wa baharini, ikipanda inapoa, mvuke unageuka matone, yanakuwa wingu, kisha mvua. Kipimo chake ni barometa: bomba la kioo lenye zebaki. Mgandamizo ukishuka, zebaki nayo inashuka. Ikishuka kwa kasi, kaa chonjo.

Shida ni kwamba barometa moja inakuambia habari za hapo ulipo tu. Hapo ndipo akili ya FitzRoy ilipofanya kazi. Alitumia telegrafu, teknolojia mpya ya wakati huo, kupata vipimo vya kila siku kutoka vituo 15 vya pwani. Dhoruba inasafiri kwa saa nyingi, ujumbe wa waya unafika kwa dakika. Kwa hiyo bandari ya mbele inaweza kuonywa wakati huku kwake bado kumetulia.

Februari 1861 tahadhari zikaanza. Bandarini waliinua juu ya mlingoti maumbo meusi ya koni na pipa, ili hata mvuvi asiyejua kusoma aelewe. Agosti 1 mwaka huohuo gazeti la The Times likachapa utabiri wake wa kwanza kwa umma.

Halafu ukaanza kukosea, na watu wakacheka. Gazeti lilelile lililouchapa likamkejeli. Wenye mashua za uvuvi walilalamika kuwa tahadhari zinawapotezea siku za kazi. Wanasayansi nao walisema anabahatisha, na kusema kweli hoja yao haikuwa ya bure: vituo vyake vilikuwa nchi kavu, wakati dhoruba nyingi za Uingereza zinatokea Atlantiki, ambako hakuwa na mtu wa kumpa taarifa.

Yeye alishikilia kwamba anachotoa ni makadirio, wala si unabii. Haikusaidia. Afya ilidhoofika, masikio yalipungua kusikia, fedha zake nyingi alishazimalizia kwenye kazi za umma, na huzuni ikamwelemea. Aprili 30, 1865 alijiua, akiwa na miaka 59.

Mwaka uliofuata kamati ikasema utabiri wake hauna msingi wa kisayansi, na huduma yote ikafungwa, tahadhari za dhoruba zikiwemo. Sasa watu wa baharini ndio wakapiga kelele: koni wanazitaka! Zilirudishwa mwaka 1867. Utabiri wa magazetini ulisubiri hadi 1879, miaka 14 baada ya kifo chake.

Mwaka 2002, eneo la bahari lililokuwa likiitwa Finisterre kwenye taarifa za hali ya hewa za Uingereza lilibadilishwa jina. Sasa mabaharia wanaopita huko wanasikiliza utabiri wa eneo la FitzRoy.