Emin Pasha: Gavana aliyeona baridi ikiua watu Karagwe

Ukisikia mtu amekufa kwa baridi, akili inakimbilia Ulaya, Siberia au kilele cha Kilimanjaro. Karagwe haiji kichwani. Lakini mwanzoni mwa Agosti 1889, msafara mkubwa uliokuwa unakatiza Karagwe ulipoteza watu kwa sababu ya baridi, bila barafu wala theluji. Mmoja wa wakubwa wa msafara huo alikuwa daktari. Dunia ilimjua kwa jina la Emin Pasha.

Jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer. Alizaliwa Machi 28, 1840, katika mji wa Oppeln, Silesia, eneo ambalo leo ni Poland. Alisomea udaktari Ujerumani, akahitimu, ila hakupata kibali cha kufanya kazi huko. Basi akaenda kutafuta maisha kwenye himaya ya Waturuki, akafanya udaktari, akajifunza lugha na kubadili jina.

Mwaka 1875 alifika Khartoum, Sudan. Mwaka uliofuata alikuwa chini ya Gordon, na mwaka 1878 akafanywa gavana wa Ikwetoria, jimbo la kusini kabisa la Sudan iliyokuwa chini ya Misri. Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye miwani na macho mabovu. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kukusanya ndege, wadudu na mimea.

Vita vya Mahdi vilipoanza mwaka 1881, mambo yakageuka. Khartoum ilianguka Januari 1885, na Emin akabaki amekatiwa njia pamoja na askari wake na familia zao. Ulaya ikachanga pesa, na Henry Morton Stanley akatumwa kumtoa. Walikutana Ziwa Albert Aprili 1888. Miezi michache baadaye askari wa Emin mwenyewe waliasi wakamfunga.

Watu wa joto wapanda milima

Aprili 10, 1889, msafara uliondoka Kavalli, juu ya Ziwa Albert, kuelekea pwani. Ulikuwa na watu kama 1,500. Ndani yake walikuwemo wapagazi kutoka Zanzibar, askari wa Sudan, wanawake, watoto wachanga na wazee. Watu wa Emin peke yao walikuwa kama 570. Binti yake mdogo, Ferida, naye alikuwemo.

Wengi wa watu wa Emin walikuwa wameishi miaka mingi kwenye bonde la Nile, nchi ya joto iliyo chini ya mita 700. Sasa walipaswa kupita nchi za juu. Hawakuwa na nguo za kutosha, chakula kilikuwa cha kubahatisha, na homa ilikuwa inawaangusha kila siku.

Juni 1889 walipita chini ya milima ya Rwenzori. Luteni William Stairs alipanda na Wazanzibari wapata 40 kujaribu kuifikia theluji. Emin alianza nao, ila akaona hawezi, akarudi kambini siku ileile. Stairs alifika mita 3,250 hivi, naye akageuza. Mbele kulikuwa na mabonde marefu, na watu wake hawakuwa na chakula wala nguo za kuwakinga usiku mwingine. Wote walishuka wakiwa hai.

Karagwe: baridi bila theluji

Mwishoni mwa Julai walivuka Mto Kagera, wakapita chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo ziko Wilaya ya Kyerwa. Wakaingia Kafuro, kituo cha wafanyabiashara wa pwani kilichokuwa ndani ya Karagwe.

Hapo ndipo shida ilipokuwa kubwa. Msafara uliomba kuwaacha wagonjwa wapumzike, lakini mtawala wa Karagwe, Ndagara, akakataa. Kwa hiyo mgonjwa naye alitakiwa kutembea, au abebwe. Walipofika kambi ya Uthenga, baridi ikachukua watu.

Kwa nini ife watu pale? Vilima vya Karagwe viko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na Agosti ni kipupwe. Mwili wa mtu unatakiwa kuwa na joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, hatari imeanza, na kwa hilo hakuhitajiki barafu. Upepo, nguo iliyolowa, njaa, homa na uchovu vikikutana, hata nyuzi 10 zinatosha. Anayetangulia kuanguka ni yule aliyekonda, mtoto, mzee, na yule anayebaki nyuma peke yake.

Baada ya hapo uamuzi mgumu ukafanyika. Kwenye Ziwa Burigi, msafara ulitupa majini mizigo isiyo ya lazima ili wapagazi wapate nafasi ya kubeba wagonjwa. Mali iliyokuwa imebebwa kwa miezi mingi ikazama ziwani, na mabega ya wapagazi yakabeba watu. Lakini kwa wale wa Uthenga, msaada huo ulikuja umechelewa.

Desemba 4, 1889, msafara uliingia Bagamoyo. Kati ya watu 570 wa Emin, waliofika pwani ni kama 290. Wengine walikufa, wengine walitoroka au waliachwa njiani. Usiku huohuo, kwenye sherehe ya kuwapokea, Emin ambaye macho yake hayakuona vizuri alianguka kutoka dirishani akaumia kichwa. Alilazwa kwa wiki nyingi.

Alirudi tena

Mwaka 1890 alijiunga na Wajerumani waliokuwa wanaitwaa nchi hii. Alifika Tabora, na Novemba mwaka huo akaanzisha kituo cha Bukoba. Mwaka 1891 akapita tena Karagwe akielekea magharibi, safari hii na Franz Stuhlmann. Juni walifika Rwenzori. Emin alipanda kidogo, akageuza kwa mara ya pili. Stuhlmann alipita mita 4,000, lakini baridi ikawashinda wapagazi, naye akashuka.

Mwisho wa Emin haukuwa wa baridi. Ndui iliingia kwenye msafara, naye akawa karibu kipofu. Desemba 1891 alimwamuru Stuhlmann aondoke na waliokuwa wazima, yeye akabaki na wagonjwa. Oktoba 1892 aliuawa mashariki ya Kongo kwa amri ya Kibonge, mmoja wa wakubwa wa biashara ya watumwa. Alikuwa na miaka 52.

Linalomhusu msafiri wa leo

Njia za Kayanga, Nkwenda na Murongo sasa zinapitwa na bodaboda na malori, ila vilima ni vilevile. Dereva wa bodaboda aliyelowa mvua asubuhi anapigwa na upepo kuliko mtembea kwa miguu. Beba koti la mvua na nguo kavu, na kula kabla ya kutoka. Ukianza kutetemeka sana, simama, ingia ndani, vua nguo zilizolowa.

Mwenzako akianza kuongea kwa kukokota maneno, kujikwaa au kusinzia, usimwache peke yake. Mfunike, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, umwahishe hospitali. Usimpe pombe: inamfanya ahisi joto huku mwili unazidi kulipoteza. Akiacha kutetemeka wakati bado ni wa baridi, usidhani amepona. Hapo ndipo amezidiwa.