Dk. Livingstone: Kutoka Mikindani hadi saa zilipomkosesha njia

MJI mkongwe wa Mikindani, mkoani Mtwara, ndiko Dk. David Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho barani Afrika, mwaka 1866.

Livingstone alizaliwa Blantyre, Scotland, Machi 19, 1813. Akiwa na miaka 10 aliajiriwa katika kiwanda cha pamba. Baadaye akasomea udaktari na kuja Afrika akiwa mmisionari.

Machi 1866 aliondoka Zanzibar kwa meli kwenda kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mdomo wa Mto Ruvuma ulipokosa mahali pa kuwashushia ngamia wake, aligeukia bandari ya Mikindani.

Miongoni mwa mizigo yake zilikuwamo kronometa, saa za usahihi mkubwa zilizomwezesha kujua yuko longitudo ipi. Saa ya pendulamu isingefaa, kwani huhitaji kutulia mahali pamoja. Ndani ya kronometa huyumba gurudumu dogo badala ya pendulamu, lakini kanuni ni ileile.

Mkono unaotia saa ufunguo hufanya kazi, na kazi hiyo huhifadhiwa kwenye springi ikiwa nishati. Gurudumu lifikapo mwisho wa kuyumba husimama kidogo, nishati yote ikiwa tuli. Likipita katikati huenda kasi kuliko kwingine, nishati ikiwa mwendo. Msuguano hupunguza kiasi kila mara, nayo springi hukirudishia. Nishati iliyotiwa kwa nusu dakika hutumika mchana na usiku, hivyo nguvu, yaani kiasi cha kazi kwa kila sekunde, huwa ndogo mno.

Utaratibu huo hauvumilii kishindo. Mapema mwaka 1867 mbebaji alianguka nazo, na mwendo wake ukabadilika. Karibu na ikweta, kosa la dakika moja tu la saa huhamisha mahali kwenye ramani kwa takriban kilomita 28.

Hivyo ramani yake ya eneo la Ziwa Bangweulu ikawa na makosa. Aliporudi huko mwaka 1873, msimu wa mvua, akiwa mgonjwa, alitangatanga kwenye vinamasi ambavyo havikulingana na vipimo vyake vya awali. Alifariki dunia Mei 1 mwaka huo katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, bila kukiona chanzo cha Nile.

Wasaidizi wake, wakiwamo Chuma na Susi, waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Alizikwa Westminster Abbey, London, Aprili 18, 1874.